Niliitika Bila Kuelewa, na Mutoto wa Ndugu Yangu Akabeba Aibu Yangu

Niko na miaka sabini na moja. Niko na bibi mumoja, Mama Asha, niko na meno kumi na moja, na niko na aibu moja ambayo inanilemea kuliko hiyo miaka yote. Habari ya meno ni ndefu, tuiache. Leo nataka kuwaeleza ile aibu.

Ninaandika mwenyewe, wasomaji wenzangu. Kwa mukono wangu, herufi moja moja, kama mutu anayechambua mawe mu muchele. Mukiona mustari unapinda, muvumilie. Nilisoma darasa mbili tu, kisha baba yangu akaniondoa nikachunge mbuzi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini mudomo wangu uliendelea na masomo mpaka kupata diploma!

Hapo ndipo ubaya wangu ulianzia. Mu mudomo.

Kwetu ni kijiji kimoja cha upande wa Lusangi, kwenye njia ya kwenda Kabambare. Tunalima mupunga, karanga, muhogo. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi Kasongo, mu kampuni moja ya pamba. Kazi yangu ilikuwa kupaka mashini mafuta. Pale nilishika maneno ya Kifaransa labda makumi tatu, mengi yake majina ya vyuma na matusi. Kampuni ikakufa, nikarudi nyumbani na ovroli ya bluu na yale maneno makumi tatu. Watu wakaniita Mekanisieni, fundi wa mashini. Wakafikiri Kifaransa ninakijua... na mimi nikawaacha wafikiri.

Barua ikitoka teritware, kwenye ofisi ya serkali, waliniletea mimi. Niliishika mbali na macho, nikakohoa, nikasema: serkali inataka tutengeneze barabara. Na kweli serkali ilikuwa inataka tutengeneze barabara! Kila mara! Miaka thelathini sikukosea hata siku moja. Je, mutu asiyekosea miaka thelathini, ataogopa nini?

Sasa niwaeleze juu ya Feza.

Feza ni binti wa mudogo wangu, marehemu Saleh. Saleh alikufa Feza akiwa darasa la nne, na mamake akarudi kwao. Mutoto akabaki kwangu. Kwa desturi yetu mimi si mujomba wala mutu wa pembeni. Mimi ni baba mukubwa. Ni baba! Alikua mu nyumba yangu, akala majani ya sombe ya Mama Asha, akamaliza sekondari Kasongo, akasoma mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, miaka miwili. Akarudi na ordinateri moja ya zamani, kifuniko chake kimefungwa na ushanga wa Mama Asha kwa sababu chuma chake kilivunjika.

Mwaka ule wamama wa kikundi cha wakulima walipata mashini ya kukoboa mupunga. Furaha yake siwezi kuieleza. Bibi zetu walitwanga mu kinu toka enzi za mababu, mupaka mabega yao yakawa kama ya wanaume. Sasa kukaja motere, mukanda, na mashini inayotema muchele mweupe!

Lakini wale walioleta mashini waliacha kitabu cha kigeni ambacho hata mupadri angekishindwa. Basi Mama Prezida, mukubwa wa kikundi, akamuomba Feza aandike buku la kwetu. Buku la Kiswahili, lenye foto nyingi, maana wamama wengi hawasomi. Wao wangefuata foto. Muelewe vizuri hapo, ndugu zangu: wangefuata foto, si maneno.

Mimi nikapewa kazi ya kupiga foto, kwa kuwa mimi ndiye najua vyuma. Na kumusaidia Feza kuziingiza.

Niwaeleze namna alivyokuwa anaandika, maana bila hiyo hamutaelewa dhambi yangu. Maandishi yake yalikuwa ya namna inayoitwa Markdown. Ni maandishi ya wazi, hayana urembo. Kichwa cha habari unakiwekea tu kale kaalama ka vijiti vinavyopishana, basi kinakuwa kichwa. Na foto hauibandiki pale pale mu maneno. Pale unaandika jina lake tu, ndani ya mabano ya pembe. Foto yenyewe inaandikwa chini kabisa, mwisho wa buku, mu orodha: jina hili, foto yake iko mahali fulani. Jina unaweza kulitaja mara kumi humo ndani, lakini kule chini linaandikwa mara moja.

Nilimwambia Feza, hii ni kama vyungu vya matanga. Mutu akifiwa, kila nyumba inaleta chungu, kila chungu kinafungwa uzi wa rangi yake, na kuna mama mumoja anayejua uzi gani ni wa nani. Anayepika haulizi mwenyewe, anataja uzi tu. Feza akacheka, akasema, ndiyo vile kabisa, baba mukubwa, mungekuwa mwalimu.

Mungekuwa mwalimu! Neno lile lilinivimbisha kichwa siku nne.

Kuandika ile orodha kwa mukono ni taabu. Ukisahau nukta moja, foto haitokei. Basi Feza akatengeneza programu ndogo ndogo za kusaidia. Yeye aliziita fonksio, mimi niliziita wasaidizi. Walikuwa watatu. Wa kwanza unamupa jina na namba ya foto, yeye anaandika mustari kule chini bila kosa. Wa pili anaweka jina mu maneno pale unapotaka. Wa tatu ni mukaguzi: anapita buku lote, anaangalia kama kila jina liko na foto yake. Likikosa, anaandika kwa rangi nyekundu. Yakiwa yote sawa, anaandika kijani.

Wakati anawatengeneza, akaniuliza swali moja. Mama Prezida alikuwepo, na Mama Nyota pia, jirani yetu, fundi wa kusuka mikeka. Feza akaniuliza kwa heshima, mutoto mwenye adabu yule:

"Baba mukubwa, hawa wasaidizi waseme na nyinyi mu Kiswahili, ao mu Kifaransa?"

Wale wamama wakanitazama. Je, ningesema nini? Ningesema ukweli na miaka yangu thelathini ya barua?

"Mashini na Kiswahili wapi na wapi?" nikajibu. "Weka Kifaransa."

Mama Nyota akasema, "Kumbe tuko na Muzungu mu kijiji na tunamulisha muhogo." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kupita wote...

Kazi ikaendelea vizuri. Nilikuwa ninabonyeza kidole kimoja kimoja. Feza alinifundisha kwamba ukibonyeza kishale cha juu, maneno uliyoandika mara ya mwisho yanarudi yenyewe, unabadilisha kidogo tu. Nilikipenda kile kishale kama mutoto anavyopenda sukari.

Ikabaki foto moja ya mwisho. Pembeni ya motere kuna fimbo ya chuma. Fimbo ikilala, mukanda unalegea, na hata motere ikiwaka, mashini ya kukoboa inabaki kimya. Fimbo ikisimama, mukanda unakaza, na motere ikishtuka tu, yale meno ya ndani yanazunguka. Basi mu buku kulikuwa majina mawili: fimbo-imelala na fimbo-imesimama. Ile ya kulala ilikuwa imetajwa mahali saba, kila pahali panapohusu kusafisha. Asubuhi, desturi ya mashini ile ilikuwa motere iwashwe ipate moto, na wakati ule mwenye zamu anatoa pumba za jana mu kinywa cha mashini kwa mukono. Fimbo ikiwa imelala, hakuna hatari yoyote.

Siku ile Feza alikwenda kwa dada mumoja aliyejifungua, ilikuwa siku ya kumupa mutoto jina. Aliniachia ordinateri. Akasema iliyobaki ni foto ya fimbo ikiwa imesimama, niitie, kisha nimuite mukaguzi.

Nikapiga foto nzuri, yenye jua. Nikabonyeza kishale changu. Maneno ya zamani yakarudi, yale ya fimbo-imelala. Nikabadilisha namba ya foto.

Jina sikubadilisha.

Musaidizi akasimama. Akaandika mustari mumoja mu Kifaransa, mwisho wake alama ya kuuliza, na herufi mbili: O na N. Nilisoma neno la kwanza. Nilisoma la pili. La tatu likanishinda, nikarudi kwa la kwanza, na la kwanza nalo likawa limenitoroka. Nilijua O ni wui, ndiyo, na N ni no, hapana.

Sasa, niambieni nyinyi mulio wakubwa mu vijiji vyetu. Mutu akikuuliza neno na haujalielewa, unafanya nini? Sisi tunaitika! Mugeni akisema jambo, tunaitika. Dokta akieleza dawa, tunaitika. Kumwambia mutu "hapana" bila sababu ni ukosefu wa adabu, na kumwambia "sielewi" ni kujivua nguo. Toka utoto nimeitika hivyo. Basi nikamuitikia na musaidizi.

Nikabonyeza O.

Akauliza tena, mustari mwingine mufupi. Nikabonyeza O tena. Nikaona kama anasema merci, anashukuru.

Nikamuita mukaguzi. Akaleta nyekundu: jina fimbo-imesimama haliko na foto. Nikashangaa, nimeitia sasa hivi! Nikaitia tena foto ile ile, na jina nikaliandika vizuri herufi kwa herufi. Mara hii hakuna swali. Mukaguzi akatoa kijani. Nikafunga ordinateri, nikaenda kunywa chai.

Mumeona? Mukaguzi anajua kama jina liko na foto. Foto inaonyesha nini, yeye hajui. Kumbe musaidizi alikuwa ameniuliza kama aondoe foto ya fimbo-imelala aweke hii mupya, na mimi niliitika. Kuanzia pale majina mawili yalikuwa yanashika foto moja. Na mahali pote saba palipoandikwa "kabla ya kutia mukono, fimbo iwe hivi," palikuwa panaonyesha fimbo imesimama.

Feza akarudi, na kesho yake pikipiki ilikuwa inaenda Kasongo, ingebeba klé, kale kachuma kanakobeba maandishi ya ordinateri, mupaka kwenye duka la kuchapisha. Akapita maandishi haraka. Lakini ndani ya maandishi yale hauoni foto, unaona majina tu, na majina yalikuwa sawa. Akaniuliza:

"Baba mukubwa, wasaidizi hawakuwauliza kitu?"

"Hapana," nikasema. "Walisema merci tu."

Hilo ndilo neno langu la uongo lililo kubwa kuliko yote ya miaka sabini na moja. Na halikunichukua hata pumzi moja kulisema!

Mabuku yakarudi, yenye karatasi nzuri. Wamama wakayabusu. Mimi nikapewa moja, na Mama Prezida akaniita mbele ya watu nipigiwe makofi.

Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya Mama Nyota na mukamwana wake. Walikuwa bado wanajifunza. Mama Nyota ni mutu mwangalifu, hafanyi jambo kwa kubahatisha. Alifungua buku, akaliweka juu ya gunia, akaangalia foto. Fimbo ilikuwa imelala tangu jana, mahali pake pa salama. Akaangalia foto tena. Akaenda, akaisimamisha kwa mukono wake mwenyewe, kusudi ifanane na buku.

Akaingiza mukono wa kuume mu kinywa cha mashini kutoa pumba. Mukamwana akazungusha manivela, ule muchuma wa kuwashia motere.

Mimi nilikuwa kwenye karanga zangu. Nilisikia motere inashika, nikasema moyoni, leo wamewahi. Kisha nikasikia kilio...

Sitaki kueleza niliyoyaona. Walimubeba na pikipiki, katikati ya watu wawili, mukono umefungwa na kitenge, mupaka hospitali. Alirudi na vidole viwili vya mukono ule. Gumba na kile cha pembeni yake. Vile vingine vitatu vilikwenda. Fundi wa mikeka, ndugu zangu! Mutu aliyekuwa anasuka huku anapiga hadithi bila kuangalia mikono!

Nilirudi nyumbani nikafungua buku langu. Nikaona foto ya ukurasa wa tano. Nikaona ya ukurasa wa tisa. Foto yangu, yenye jua. Nilikumbuka ile O... na ile O ya pili.

Siku ya kikao watu walijaa. Mama Prezida akashika buku juu, akauliza nani alilitengeneza. Feza akasimama, akasema ni yeye. Akapewa aangalie ule ukurasa. Akautazama kwa muda. Kisha akainua macho, akanitazama mimi.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama Prezida akaniuliza kwa heshima, maana mimi ni muzee: "Baba Ramazani, foto ulipiga wewe. Nani aliziweka mu buku namna hii?"

Pale palikuwa mahali pangu pa kuwa mwanaume. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Lakini nilimuona mukamwana wa Mama Nyota amesimama na macho mekundu. Niliwaona vijana wale wanaoniita Mekanisieni. Na ulimi wangu ukafanya kazi yake ya miaka yote.

"Ordinateri ni ya Feza," nikasema.

Sikudanganya, si kweli? Ordinateri ilikuwa ya Feza! Hivyo ndivyo nilivyojidanganya mwenyewe kwa miezi nane.

Feza alifunga buku taratibu, akalirudisha kwa mikono miwili, akakaa. Wakasema mengi. Kwamba masomo ya mujini yamemupandisha kiburi. Kwamba aliharakisha apate sifa. Mutu mumoja akasema, mutoto asiye na baba, nani wa kumuonya? Na mimi baba yake nilikuwa nimekaa pale pale, nimefunga mudomo kama mutu anayekula!

Wakamutoa mu kikundi. Mabuku yakakusanywa. Siku moja nilinunua mandazi, nikapewa yamefungwa na karatasi. Nikafungua... fimbo imesimama, na mafuta yametia doa kwenye jua langu. Sikuyala. Nilimupa mbuzi, na mbuzi alikula mandazi na foto pamoja.

Feza alikaa nyumbani siku tatu bila kusema neno baya. Alifua nguo zangu. Siku ya nne akapanda pikipiki, akaenda Salamabila, kule kwenye zahabu, kutafuta maisha.

Mama Asha alinijua. Bibi uliyekaa naye miaka arobaini na tano utamuficha nini? Alikuwa ananiwekea chakula, anasema, "Kula, Musiye Fransè," yaani Bwana Kifaransa. Tena hakusema kitu kingine. Usiku na muchana, nyumba nzima ilikuwa na neno lile moja. Siku moja nikamukasirikia, nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu, yeye si komite ya kikundi. Akaniambia tu kwamba mutoto wa Saleh anakaa na wachimbaji, na kaburi la Saleh liko nyuma ya nyumba yetu, na mimi ndiye ninayelipita kila asubuhi nikienda kunawa.

Miezi nane, wasomaji! Miezi nane nilikuwa ninalipita lile kaburi kwa upande wa mbali.

Mwishoni nikapanda pikipiki. Musiniulize juu ya njia. Mahali fulani mulima tuliupanda kwa miguu, pikipiki ndiyo ilikuwa inatubeba sisi ao sisi tulikuwa tunaibeba, sijui. Shoferi aliniambia, "Papa, na umri huu unaenda kuchimba?" Nikamwambia ndiyo, ninaenda kuchimba. Akacheka. Mimi sikuwa ninacheka.

Nilimukuta Feza chini ya turubai la bluu, anawatilia wachimbaji miziki mu telefone. Ile ordinateri yenye ushanga ilikuwa mbele yake. Foleni ya vijana wenye matope mupaka magotini, wanamuita "shemeji" ovyo ovyo. Yule mutoto aliyeandika buku la kijiji kizima, sasa anauza nyimbo moja moja! Akaniona, akasimama, akapiga goti kidogo kama kawaida yake, akanipa kiti chake. Yeye akakaa juu ya kibati cha mafuta.

Nilikuwa nimepanga maneno njia yote. Yote yakaniacha. Nikasema tu kwamba lile kosa lilikuwa langu. Kwamba musaidizi aliniuliza, na mimi niliitika. Kwamba sijui Kifaransa, na sijawahi kukijua.

Kijana mumoja akaleta telefone, Feza akamwambia asubiri.

"Ninajua, baba mukubwa," akasema.

Nikauliza anajua nini.

"Ninajua yote. Siku ile ile ya kikao, nilipofika nyumbani, nilifungua ile orodha ya chini. Majina mawili, foto moja. Musaidizi hawezi kubadilisha foto ya jina mupaka aulize mara mbili. Sasa nani aliulizwa mara mbili?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku tatu alikuwa pale, kwa nini hakusimama akasema?

"Niseme nini? Niwaambie wale wamama kwamba baba mukubwa hasomi? Nilifikiri mutasema nyinyi. Siku ya kwanza nilifikiri, siku ya pili nilifikiri. Siku ya tatu nilifua zile nguo zenu ili mupate nafasi ya kuniita." Akashika kamba ya turubai. "Hata pikipiki ilipoondoka niligeuka kuangalia."

Ndugu zangu, nimezika baba, nimezika mama, nimezika Saleh. Sikulia hivyo. Nililia mbele ya wachimbaji, muzee mwenye kofia, kamasi zinatoka. Wale vijana waliokuwa wanapiga kelele wakaondoka mumoja mumoja.

Feza akasema na yeye ana kosa. Yule musaidizi hakupaswa kuuliza tu, alipaswa kukataa, ao angeonyesha zile foto mbili kwanza mutu azione. Akasema ameshamubadilisha, sasa haulizi tena, anakataa. Alitaka kunipunguzia muzigo, mutoto yule! Nikamwambia asinisaidie. Musaidizi aliuliza vizuri, mara mbili, kama mutu wa adabu. Aliyejibu ndiye mubaya.

Nikamuomba turudi pamoja. Akakataa. Akasema niende kwanza mwenyewe, niseme yale yale mbele ya watu wale wale, yeye asiwepo. Akisimama pale, wataona kama amenilazimisha.

Nikarudi. Nikamuomba Mama Prezida aite kikao. Nilisimama. Nilisema kwamba jina la fimbo nililikosea mimi, swali niliulizwa mimi, na Feza aliponiuliza nilimudanganya. Nilisema na habari ya barua zote za teritware. Watu wakaguna. Muzee mumoja akauliza, kumbe ile barabara yote tuliyoilima? Wengine wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunipenda. Toka siku ile hakuna anayeniita Mekanisieni, na barua hazipiti tena kwangu. Ni haki.

Kisha nikaenda mbele ya Mama Nyota, nikapiga magoti chini. Mimi, muzee, mbele ya mwanamuke niliyemuzidi miaka ishirini. Alikuwa amekaa, ule mukono ameuficha ndani ya kitenge. Akautoa. Akauweka juu ya goti lake, niuone vizuri.

"Vidole vilikuwa vyangu," akasema. "Nimekusamehe, maana vilikuwa vyangu. Lakini ya yule mutoto si yangu. Hiyo siwezi kukusamehea."

Kisha akaurudisha ndani ya kitenge.

Komite ikaandika barua ya kumuita Feza. Safari hii ilisomwa na mutu anayesoma kweli. Feza alijibu kwa adabu. Alituma klé na buku lililotengenezwa: alibadilisha mustari mumoja tu kule chini, na mahali pote saba pakakuwa sawa. Mabuku yakachapishwa upya, jina lake liko juu ya jalada. Wamama wanalitumia mupaka leo.

Lakini yeye hajarudi. Anasema atakuja baada ya mavuno. Mavuno mawili yameshapita. Mama Asha anatandua kitanda cha Feza kila ijumaa, anatandika shuka safi. Simuulizi kwa nini.

Wasomaji wenzangu, sisi wazee tunaogopa kusema "sielewi" kama vile ni ugonjwa. Mimi niliogopa kuaibika mbele ya wamama wawili, nikaenda kuaibika mbele ya kijiji kizima, na juu yake nimetoa vidole vya mutu mwingine na mutoto wa ndugu yangu. Je, ile aibu ndogo ya kwanza ingenigharimu nini? Kicheko cha Mama Nyota tu. Angenicheka siku mbili, na leo angekuwa anasuka.

Ninawaomba. Hata kama ni dokta, hata kama ni mutoto wako mwenyewe, hata kama ni mashini isiyo na macho: ukiulizwa na haujaelewa, usiitike. Sema haujaelewa. Na kama umeshaitika, na mwingine anapigwa kwa ajili yako, simama siku ile ile. Usingoje akufulie nguo.

Na kama kuna mwenzangu anayepita Salamabila, akamuona binti mwenye ordinateri iliyofungwa na ushanga, asimuambie kitu. Anunue wimbo mumoja tu, amusalimie kwa heshima. Mengine ni kazi yangu. Na mwenye pikipiki nimeshapatana, juma lijalo ninapanda ule mulima tena.